Uliingiaje jeshini? Safari ya Mwanza hadi Mutukula kuwasikiliza wapiganaji wa Vita vya Kagera

Wazee waliopigana Vita vya Kagera, vita vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin vya 1978–79, huulizwa karibu maswali yaleyale kila anapowatembelea mtu mwenye kalamu: walipigana wapi, Kampala ilikuwaje siku ilipoanguka, waliwahi kumwona Amin. Mwezi wa Agosti nilisafiri kwenda Kagera na swali linalotangulia hayo yote, yaani namna walivyoondoka nyumbani: nani aliwaandika majina, siku hiyo walikuwa katika kazi gani, na nani aliwasindikiza. Jeshi letu, ambalo kabla ya vita halikufikia askari 40,000, linakadiriwa kuwa lilivuka 150,000 vita vilipopamba moto, wakiwemo mgambo wapatao 40,000 pamoja na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi na askari magereza. Kila mmoja wao aliingia kwa njia yake, na walio hai sasa wengi wamevuka miaka sabini. Haya nimeyaandika baada ya kurudi, kwa kutumia daftari, picha na sauti nilizorekodi kwa ruhusa yao. Majina nimeyaacha, kwa kuwa wengi wao waliomba hivyo.

Jumatatu, Mwanza

Safari ilianzia mjini Mwanza, kwa sababu vita vyenyewe vilipita hapa kabla ya kufika Kampala. Askari na shehena walishuka kwenye reli na kuendelea kwa meli na malori, na mnamo mwisho wa Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyoletwa kumsaidia Amin, ilikusudia kupiga matangi ya mafuta ya mji huu, lakini mabomu yake yaliangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane na kuua swala.

Mzee wa kwanza anaishi Mabatini, juu mlimani kati ya mawe, mahali ambapo bodaboda hukushusha chini na safari iliyobaki ni ya miguu. Mwaka 1978 alikuwa dereva wa lori akibeba marobota ya pamba kutoka viwanda vya kuchambulia hadi stesheni ya reli. Asubuhi moja ya Novemba alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani na ofisa aliyekuwa na karatasi ndefu yenye namba za magari, akaambiwa ashushe mzigo, ajaze mafuta na kuripoti kabla ya saa kumi jioni. Nilipomuuliza nani alimwandika jina, alitikisa kichwa. "Mimi sikuandikwa, mwanangu. Liliandikwa lori, nami nilikuwa mle ndani." Gwanda alilipata wiki kadhaa baadaye, alipokwisha kuzoea kuitwa askari na watu waliomkuta amevaa shati lake la kazi.

Alipewa saa moja ya kwenda nyumbani. Alimwambia mkewe kwamba anapeleka mzigo Bukoba, na hilo lilikuwa kweli, ila mzigo wenyewe ulikuwa mgambo waliosimama wima nyuma ya lori. Mama huyo yuko hai, na alikuwa akitusikiliza kutoka mlangoni pa jiko. "Alichukua lile blanketi zito la harusi yetu," alisema, "nikajua hapo kwamba haendi Bukoba na kurudi. Lakini yeye hakusema, nami sikumuuliza mbele ya watoto." Mzee alinyamaza, kisha akakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nadhani hakuna maelezo ya kuitwa vitani yanayokamilika bila mtu aliyebaki nyumbani kuyasikiliza na kuyaongezea, na tangu siku hiyo nilikuwa nikiomba, kwa heshima, kuzungumza pia na mke, dada au kaka.

Huyu dereva alitaja kwa upendo jina la Jenerali David Musuguri, kamanda wa Divisheni ya 20, aliyefariki hapa Mwanza Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Musuguri mwenyewe aliingia jeshini mwaka 1942, katika KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, akapelekwa kupigana Madagaska. Kwa hiyo baadhi ya waliowaongoza mgambo wa 1978 walikuwa wamekwisha kuchukuliwa ujanani kwenda katika vita vya mfalme wasiyemjua, na mzee wa Mabatini anaamini ndiyo sababu kamanda huyo aliwajali askari wa chini.

Kwa atakayefuata njia hii: anzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au ya kijiji, ukiwa na kitambulisho chako, hata kama mzee unayemfuata ni jamaa yako. Wazee hawa walifundishwa kutozungumza na mtu asiyejulikana, na mwenyekiti akikuleta mwenyewe mazungumzo huanza kwa amani. Zawadi ya sukari, majani ya chai na sabuni inatosha.

Jumanne, barabarani

Basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi, nauli shilingi 30,000. Tulivuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 na lenye urefu wa takriban kilomita tatu, kwa muda ambao zamani usingetosha hata kukata tiketi ya kivuko. Mzee wa Mabatini alikuwa ameniambia kwamba mwaka 1978 walisubiri hapo usiku kucha, malori yakiwa yamepanga mstari na taa zimezimwa kwa kuhofia ndege, huku mvua za vuli zikiwanyeshea mgambo ambao wengine hawakuwahi kuliona ziwa.

Baada ya Geita, gurudumu la nyuma lilipasuka karibu na Katoro, na tulikaa hapo zaidi ya saa mbili. Mama mmoja muuza chapati alinitolea kigoda, akakataa kupokea pesa ya chai aliposikia ninakokwenda na sababu yake. Baba yake alikuwa mgambo, akarudi salama na kufariki mwaka 2011. Nilimuuliza kama aliwahi kueleza alivyochaguliwa. Alisema alichosikia ni kwamba baba yake alitolewa shambani akiwa na jembe mkononi, na jembe lile bibi yake alilihifadhi bila kulitumia hadi alipomwona mwanawe amerudi. Kati ya Chato na Muleba hapakuwa na la kuandika, na Bukoba tuliingia saa kumi na moja jioni.

Gesti yenye maji ya moto ilinigharimu shilingi 25,000. Chukua sweta, kwa maana usiku wa Bukoba una baridi inayotoka ziwani. Mlo wa jioni ulikuwa ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, na sato mdogo wa kukaanga, shilingi 6,000.

Jumatano, Bukoba

Siku hii niliwaona wawili, mzee na bibi, na maelezo yao yanatofautiana sana kiasi kwamba ningesikia la mmoja peke yake ningedhani nimeelewa.

Mzee alikuwa amemaliza kidato cha sita na yuko JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliokuwepo tangu 1966. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 kijana hakwenda chuo kikuu moja kwa moja, bali alimaliza JKT, akafanya kazi kwanza, kisha akapendekezwa. Kwa hiyo alikuwa akihesabu miezi ya kambini kama hatua ya kuelekea Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978 aliisikia kwenye redio iliyowekwa dirishani pa bwalo, wenzake wakiwa wamesimama nje kimya: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Anasema walishangilia kwa nguvu, naye akiwamo, na kwamba furaha ile haikuwa ya kulazimishwa na mtu.

Siku chache baadaye walipigiwa filimbi usiku, wakapangwa mistari, na afande akasoma namba. Hakuuliza nani yuko tayari. "Watu husema tulijitolea," alisema mzee, "na mimi nasema moyo wangu ulijitolea tarehe mbili, lakini mwili wangu ulipelekwa kwa namba." Aliyelala kitanda cha juu yake hakutajwa, akabaki kambini, na miaka mingi baadaye wakakutana mmoja akiwa mhandisi na mwingine karani. Mzee hakulisema hilo kwa uchungu. Alitaka tu nielewe kwamba kati ya njia zao mbili palikuwa na karatasi moja iliyosomwa gizani.

Bibi alijiandikisha mwenyewe. Alikuwa msichana wa JKT aliyemaliza mkataba wake na kurudi kwa wazazi, kijiji kimoja cha Muleba, na alipoona watu wakiukimbia mji wa Bukoba baada ya ndege za Amin kuushambulia, alikwenda mwenyewe kuripoti. Baba yake hakumzuia, ila mama alimfuata hadi barabarani akimsihi kwa Kihaya, na askari waliokuwa pale wakageuza nyuso zao. Aliwekwa ghalani, kupokea na kugawa magunia ya unga na vitu vilivyochangwa na wananchi.

Kazi anayoikumbuka zaidi hakupangiwa na mtu. Mgambo wengi waliopita pale walikuwa wamejifunza kusoma na kuandika miaka michache nyuma, katika madarasa ya elimu ya watu wazima, na barua ya kuwaarifu wake zao kwamba wamefika Bukoba ndiyo iliyokuwa barua ya kwanza maishani mwao. Walimwomba akae karibu wakati wakiandika, awasahihishie herufi. "Ningeweza kuandika mimi kwa dakika tano," alisema, "lakini hawakutaka. Walitaka wake zao wauone mwandiko wao." Barua karibu zote zilianza kwa shikamoo kwa wazazi, zikafuata habari za ng'ombe na mbegu, na mwishoni kabisa ndipo palipotajwa jeshi. Aliniambia hayo akifuta miwani, nami nilizima kinasa sauti kwa muda bila yeye kuniambia.

Alhamisi, Kyaka

Haisi kutoka Bukoba hadi Kyaka ilinitoza shilingi 5,000. Omba kukaa upande wa dirisha, kwa maana njia inapita kati ya migomba na mikahawa kisha inateremka ghafla kuelekea bonde la mto Kagera, na hapo unaelewa kwa macho kwa nini mto huu ulikuwa na maana kubwa. Amin alipoivamia ardhi ya kaskazini mwa mto mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi yake yalilipua daraja la Kyaka mwanzoni mwa Novemba, yakidhani kwamba yamefunga njia. Usipige picha za daraja wala kizuizi bila kuomba ruhusa.

Juu ya kilima yapo magofu ya kanisa Katoliki lililobomolewa kwa mizinga, kuta zake zimebaki bila paa. Hapo nilikutana na mzee aliyeletwa na mwenyekiti wa kijiji kwa pikipiki. Yeye ni mwenyeji wa ng'ambo ya mto. Siku ya uvamizi alikuwa akianika kahawa. Walivuka na wazazi wake na mbuzi wawili, wakaacha kila kitu, na mjomba wake aliyekataa kuondoka hawakumwona tena. Raia waliouawa katika eneo lile wanakadiriwa kufikia 1,500.

Nilipomuuliza aliingiaje jeshini, alijibu kwamba yeye ndiye aliyelitafuta jeshi. Alikuwa na miaka kumi na saba, akasema ana ishirini. Ofisa aliyekuwa akiandika alimtazama, akamuuliza kama anazijua njia za vinamasini upande wa pili, naye akazitaja moja baada ya nyingine pamoja na majina ya wenye mashamba. Umri haukuulizwa tena. Wahandisi wa jeshi walipoweka daraja la muda mwezi huohuo, alivuka pamoja na askari akiwa mwongoza njia, na nyumba ya kwanza aliyoikuta imechomwa ilikuwa ya shangazi yake. Aliniambia kwamba bunduki alifundishwa baadaye. Mwanzoni alibeba panga lake la kukatia migomba, nalo halikumsaidia kwa lolote ila kumpa ujasiri.

Mchana tulikula kwake. Mkewe alileta ndizi, maharage na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, na mjukuu akapiga magoti kunipa maji ya kunawa. Nilitaka kuacha kitu kwa ajili ya chakula. Mama alikataa kabisa, akasema mgeni wa mume wake hanunui chakula. Niliwaachia sukari.

Ijumaa na Jumamosi, Bunazi

Ijumaa mvua ilinyesha mchana kutwa na sikuonana na mtu. Jumamosi nilimpata mzee ambaye kwa ajili yake peke yake safari hii ingetosha.

Ni Msukuma wa Kwimba aliyeoa huku na kubaki. Mwaka 1978 kijiji chao kilitakiwa kutoa idadi fulani ya mgambo, na uongozi wa kata ukapita kwa mabalozi wa nyumba kumi kukusanya majina. Mafunzo ya mgambo walikuwa wameyapata kwa bunduki za mbao, jioni baada ya kazi za shamba. Kwao lilitajwa jina la kaka yake mkubwa. Mke wa kaka alikuwa amejifungua juma hilohilo, na baba yao alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, hivyo kaka ndiye aliyekuwa mlezi wa nyumba nzima. Usiku ndugu hao wawili walikaa nje bila kuwasha moto. Asubuhi karani aliposoma jina la kaka uwanjani, aliyeitika ni mdogo.

"Balozi alijua, mwenyekiti alijua, na mama yangu alijua," alisema. "Hakuna aliyefungua mdomo." Wakapakiwa kwenye lori pale Ngudu, na kuanzia hapo akaitika kwa jina la kaka yake kambini, melini, Kyaka, na hata Masaka na Lukaya, ndani ya Uganda. Rafiki zake wa vitani hawakumjua kwa jina jingine. Alijizoeza hata kugeuka haraka anapoitwa, kwa sababu kuchelewa kuitika kungemletea maswali. Wakati huohuo kule kwao, kaka mtu alilima mashamba ya wote wawili, na mavuno ya mdogo wake akayaweka ghala la peke yake bila kuyagusa.

Alirudi mwaka 1979. Kaka alimpa madume mawili ya kulimia, mbele ya ukoo wote, na jambo hilo likaisha kati yao kwa heshima. Kwenye karatasi halikuisha. Kila orodha inayomhusu ina jina la kaka yake, ambaye hajawahi kuvuka mto Kagera na ambaye sasa ni marehemu. Ofisi moja ilimwambia alete uthibitisho kwamba yeye ndiye, nyingine ikamwambia kwamba mwenye jina amefariki na faili limefungwa. Mzee huyu hadai utajiri. Anataka jina alilopewa na baba yake liandikwe mahali fulani kwamba lilikuwa Lukaya Machi 1979.

Nilikaa naye hadi saa moja usiku. Niliona wazi kwamba taifa lilipopokea watu kutoka vijijini lilipokea pia mipango ya ndani ya familia ambayo hakuna karani aliyeiandika, na haki inatutaka tuisikilize sasa, wakati mashahidi wake bado wanaweza kuinuka na kusema.

Jumapili, Mutukula

Kutoka Bunazi hadi mpakani ni mwendo mfupi. Anayetaka kuvuka awe na hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na abadilishe fedha katika maduka yenye leseni tu. Upande wa Uganda, karibu na maegesho ya malori, nilizungumza kwa Kiswahili na mzee aliyejiunga na FRONASA, kundi la Yoweri Museveni, baada ya majeshi ya Tanzania kuingia Mbarara mwishoni mwa Februari 1979. Alikuwa mchunga ng'ombe. Alisema vijana walijipanga mstari wenyewe, kila mmoja akiwa na mtu wa kulipizia kisasi, na kwamba waliowafundisha kushika bunduki walikuwa Watanzania. Kiswahili chake alikipata hapo.

Jumatatu, Kaboya na kurudi

Makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba, ni eneo linalotunzwa na jeshi. Ombeni ruhusa mapema. Mnara mweupe umeandikwa majina ya waliolazwa hapo. Niliyasoma polepole nikiwa na swali ambalo nisingekuwa nalo kabla ya Bunazi, kwamba ni wangapi kati yao waliitika kwa jina ambalo si lao.

Ukiondoa zawadi, nilitumia takriban shilingi 280,000, malazi yote yakiwemo. Sauti za kila mzee nimezinakili kwenye kadi na kuzirudisha kwa familia yake, na nawasihi watakaofuata wafanye vivyo hivyo.

Mzee wa Bunazi ameniomba niandike neno lake hapa. Anawatafuta wenzake waliopanda naye lori pale Ngudu, Novemba 1978, na hasa wawili waliokuwa naye Lukaya na ambao anaamini walirudi salama. Wao wanamjua kwa jina la kaka yake, na jina hilo nitamtajia faraghani yeyote atakayeniandikia. Kama babu yako aliondoka Ngudu mwezi huo, muulize leo kuhusu kijana mwembamba wa kikosi chake aliyekuwa akichelewa kidogo kuitika alipoitwa.